Mashini ya Kutupa Moto: katika vita na katika sinema

Jioni moja, nyuma ya mafundisho, katekista mmoja wa siku nyingi alinijia na ulizo. Vijana wa mtaa wake walikuwa wametazama filme ya vita katika nyumba ya video. Ndani ya filme ile askari mmoja alibeba mitungi mgongoni, akaelekeza tiyo la chuma kwenye tundu la ukuta, na watu wakatoka humo wakiwaka kama mienge. Vijana walicheka na kupiga makofi. Katekista hakucheka. Akaniuliza: «Padri, kitu kile ni cha kweli, ao ni uongo wa wachezaji wa sinema? Kama ni cha kweli, ni nani aliyekitengeneza? Na yule mwenye kukibeba, alirudi kwao namna gani?»

Siku ile sikuweza kumjibu vizuri. Nilikwenda kusoma, na haya ndiyo niliyoyaona. Nayaandika hapa kwa sababu waseminari wa leo ndio watakaoulizwa kesho maulizo kama yale, na inapasa wajue ukweli wa mambo mbele ya kuyahukumu.

I. Moto wa zamani

Kutumia moto vitani si jambo jipya. Katika karne ya saba watu wa Konstantinopoli walikuwa na mafuta yenye kuwaka hata juu ya maji, nayo waliyarusha kwa bomba kutoka mashua zao hata kuunguza mashua za adui waliouzunguka mji. Ginsi ya kuyatengeneza ilikuwa siri ya serikali, na siri ile ilipotea pamoja na wenye kuijua. Wachina nao, katika karne ya kumi, walikuwa na pampu ya kurusha mafuta yenye kuwaka. Lakini vyombo vile vilikuwa vikubwa na vizito, vya kuwekwa juu ya mashua ao juu ya ukuta wa mji. Kumpa mtu mmoja moto huo aubebe mgongoni na kuingia nao katika handaki la mwenziwe, hilo ni jambo la wakati wetu.

II. Mzima-moto aliyekuwa mwasha-moto

Aliyetengeneza mashini ya kwanza ya namna hii alikuwa mtu wa Ujerumani, jina lake Richard Fiedler. Alianza kuitafuta mnamo mwaka wa 1901. Wazo lake lilikuwa rahisi: mtungi wa mafuta, hewa iliyoshindiliwa kwa nguvu kusudi iyasukume mafuta nje, tiyo, na moto mdogo kwenye kinywa cha tiyo.

Mtu wa pili alikuwa Bernhard Reddemann. Huyu, wasomaji wapenzi, alikuwa mkubwa wa kikosi cha wazima-moto wa mji wa Leipzig. Kazi yake ilikuwa kuokoa nyumba za watu. Vita vilipoanza katika 1914, akatia akili yake yote ya pampu na tiyo katika kazi nyingine: akafundisha kikosi cha askari wa kutupa moto. Nyuma, askari wale walipewa alama ya kushona kwenye mkono wa koti, nayo ilikuwa fuvu la kichwa cha mtu. Ufundi ni ule ule, mikono ni ile ile. Kilichogeuka ni kusudi tu. Hapo tunaona kwamba akili ya mtu haimwongozi yenyewe kwenda kwenye mema, hata kama imezoea kutumika kwa ajili ya mema.

Tarehe 26 ya mwezi wa pili 1915, Wajerumani, hao ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walitupa moto juu ya Wafaransa pale Malancourt, karibu na Verdun. Tarehe 30 ya mwezi wa saba mwaka ule ule waliutupa juu ya Waingereza pale Hooge, karibu na mji wa Ypres katika Ubelgiji. Ilikuwa mbele ya mapambazuko. Mahandaki ya pande mbili yalikuwa karibu sana. Waingereza walisikia mlio kama wa mvuke, kisha wakaona miali myekundu ikija juu yao, na moshi mweusi nyuma yake. Waliokufa kwa moto wenyewe walikuwa wachache kuliko waliokufa kwa risasi na mizinga. Lakini wengi waliacha fasi zao, na handaki likachukuliwa.

Tangu siku ile wakubwa wa majeshi walielewa kwamba silaha hii inaua kwa namna mbili. Inaua kwa moto, na inavunja moyo kwa hofu. Askari aliyezoea risasi hajazoea moto. Kwa hiyo, hata mataifa yaliyolaumu Wajerumani yalitengeneza mashini zao wenyewe. Mwaka wa 1916, katika mapigano ya Somme, Waingereza walileta mashini kubwa sana, zilizofichwa chini ya udongo. Ndiyo njia ya vita siku zote: leo unamwita mwenzako mshenzi, kesho unamwiga.

III. Ginsi inavyotumika

Tuangalie sasa mashini iliyojulikana kupita zote katika vita vya pili vya dunia, ile ya Wamarekani iliyoitwa M2. Ndiyo hiyo inayoonekana katika filme nyingi.

Mgongoni mwa askari kuna mitungi mitatu. Miwili ni ya mafuta. Wa tatu, mdogo, ni wa hewa ya azoti iliyoshindiliwa. Azoti yenyewe haiwaki. Kazi yake ni kusukuma tu. Kutoka mitungi linatoka tiyo la mpira, na mwisho wake kuna bunduki ya kutupia, yenye viberiti vya namna yake mbele kabisa. Mitungi ikiwa imejaa, mzigo wote unapita kilo 30. Mafuta yake ni kama lita 18. Na lita hizo zote zinakwisha katika muda usiofika sekunde kumi. Kwa hiyo askari hakuweza kumwaga moto ovyo: alitupa kidogo, akaacha, akatupa tena, kisha akarudi nyuma kutafuta mashini nyingine iliyojaa.

Mara ya kwanza walitumia esanse ya kawaida, ao esanse na mafuta mengine mazito. Lakini esanse ikirushwa inawaka hewani na kutawanyika, haifiki mbali. Katika mwaka wa 1942, Louis Fieser, mwalimu wa kemia katika chuo kikuu cha Harvard, pamoja na wasaidizi wake, walipata unga ambao ukichanganywa na esanse huifanya nzito kama uji wa kunata. Wakauita napalmu. Nusu ya pili ya jina hili inatoka katika palmitate, na neno hilo lenyewe linatoka katika mchikichi, yaani mti ule ule unaotupa mawese ya chakula chetu. Esanse iliyofanywa nzito hivi haitawanyiki: inakwenda kama kamba ya moto, mita 20 hata 40, inaingia katika tundu, inagonga ukuta wa ndani na kurudi, na inapogusa kitu inashika.

Kuna jambo lingine ambalo sinema haionyeshi kabisa. Ndani ya shimo ao nyumba iliyofungwa, moto unakula hewa yote na kuacha hewa ya sumu. Watu wengi waliokufa mbele ya mashini hii walikutwa bila alama ya kuungua. Walikosa pumzi.

IV. Kijana mfupi wa Virginia ya Magharibi

Sasa tunafika kwenye ulizo la katekista: mbebaji alirudi kwao namna gani? Wengi hawakurudi. Mzigo ulikuwa mzito, ulionekana mbali, ilikuwa lazima kumkaribia adui sana, na kila adui alimtafuta mwenye moto kwanza. Lakini yuko mmoja ambaye maisha yake yanajulikana vizuri.

Hershel Williams, aliyeitwa Woody, alizaliwa tarehe 2 ya mwezi wa kumi 1923, katika kijiji cha Quiet Dell, jimbo la Virginia ya Magharibi, Marekani. Alikuwa wa mwisho katika watoto kumi na mmoja. Wazazi wake walikuwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alifiwa na baba angali mtoto. Alipotaka kuingia katika kikosi cha Marines, walimkataa kwanza kwa sababu alikuwa mfupi. Katika 1943, walipohitaji watu wengi, wakampokea. Wakamfundisha kutupa moto.

Tarehe 19 ya mwezi wa pili 1945 Wamarekani walishuka katika kisiwa kidogo cha Iwo Jima, mali ya Japani. Kisiwa hicho kina kilometa za mraba kama 21 tu. Lakini Jenerali Kuribayashi Tadamichi, mkubwa wa Wajapani, alikuwa amechimbisha kilometa nyingi za njia chini ya udongo, na kujengesha vijumba vya simenti vyenye matundu ya bunduki, juu yake mchanga. Mabomu ya ndege na mizinga ya mashua hayakutosha kuvivunja.

Tarehe 23, siku ile ile ambayo bendera ya Marekani ilisimamishwa juu ya mlima Suribachi na kupigwa picha inayojulikana duniani pote, Williams alikuwa chini, mbele ya mstari wa vijumba vile. Tanki zilishindwa kufungua njia. Mkubwa wake akamwuliza kama anaweza kufanya kitu. Akajibu kwamba atajaribu. Wakampa watu wanne wa bunduki kumlinda. Kwa muda wa saa nne alikwenda na kurudi, akikamata kila mara mashini mpya iliyojaa. Kwa kijumba kimoja alipanda juu, akatia kinywa cha tiyo katika tundu la kupitishia hewa, akawaua wote waliokuwa ndani. Mara nyingine askari wa Japani walimkimbilia na singe. Akawaua kwa kutupa moto mara moja. Jioni njia ilikuwa wazi. Wawili kati ya wale wanne waliomlinda walikuwa wamekufa.

Tarehe 5 ya mwezi wa kumi mwaka ule, Rais Truman alimvika Medali ya Heshima, iliyo kubwa kupita medali zote za askari wa Marekani. Williams alizoea kusema kwamba medali ile si yake: yeye anaitunza tu kwa ajili ya wale wawili.

Hapa ndipo filme zingesema «Mwisho». Lakini mtu hamalizi maisha siku ya kuvikwa medali. Williams alirudi kwao, akaoa, akazaa watoto wa kike wawili, akatumika miaka zaidi ya thelathini katika ofisi ya serikali inayosaidia askari wa zamani. Na kwa miaka mingi alisumbuliwa na mambo ya siku ile, usiku katika ndoto, na harufu ya nyama iliyoungua haikumtoka. Alikuwa ametii amri, alikuwa ameokoa wenzake, taifa lilimsifu. Hata hivyo hakuwa na amani. Katika mwaka wa 1962, akiwa kanisani pamoja na jamaa yake, aligeuza maisha yake. Alikuwa wa dini ya Wametodisti. Akawa mhubiri kati ya walei, na kwa miaka mingi alikuwa mwombezi wa chama cha wenye Medali ya Heshima. Uzeeni alianzisha kazi ya kujenga minara ya kukumbuka jamaa zilizopoteza watoto wao vitani. Alikufa tarehe 29 ya mwezi wa sita 2022, mwenye miaka 98. Kati ya wote waliovikwa medali ile kwa ajili ya vita vya pili, yeye alikuwa wa mwisho.

V. Wale wa ndani ya shimo

Tusisahau upande wa pili wa tundu. Katika Iwo Jima kulikuwa Wajapani kama 21.000. Siku za mapigano walikamatwa wazima kiasi cha mia mbili tu. Wamarekani waliokufa walikaribia 7.000. Kuribayashi mwenyewe alikufa pale. Barua alizowaandikia mke wake na watoto zinasomwa hata leo. Ni barua za baba mwenye kuuliza habari za nyumbani.

Katika Okinawa, tangu mwezi wa nne hata mwezi wa sita 1945, jambo lilikuwa zito zaidi. Kule walikuwako raia wengi, nao walijificha katika mapango pamoja na askari. Mbele ya pango lenye giza, mwenye moto hakuweza kujua kama ndani mna bunduki ao mama na mtoto. Mara nyingine waliita kwanza watu watoke. Mara nyingine waliokuwa ndani waliogopa kutoka, ao walikatazwa na askari wao. Makumi ya maelfu ya raia walikufa katika kisiwa kile kwa mabomu, kwa risasi, kwa njaa, kwa kujiua, na kwa moto.

Na huko Ulaya, katika 1943, askari wa Hitler waliunguza nyumba moja moja katika mtaa wa Wayahudi wa Warszawa, kusudi waliojificha watoke ao wafe. Mkubwa wao, Stroop, aliweka picha za kazi ile katika kitabu kizuri ili kujisifu. Nyuma ya vita kitabu kile kilisomwa mbele ya waamuzi wa Nuremberg, kikawa shahidi juu yao.

VI. Moto katika sinema

Sasa turudi katika nyumba ya video. Macho hayana pazia, walisema wazee. Yanayopita mbele ya macho huingia, ukitaka usitake. Basi, ni nini kilichoingia?

Filme za kwanza za mashini hii zilikuwa za kweli. Katika 1945 serikali ya Marekani ilionyesha filme ya rangi, To the Shores of Iwo Jima, iliyopigwa na wapiga picha wa jeshi katikati ya mapigano. Katika 1949 ikafuata Sands of Iwo Jima, yenye mchezaji John Wayne; walichanganya picha za vita vya kweli na michezo iliyotungwa. Katika filme hizi adui wa ndani ya shimo haonekani uso. Linaonekana tundu, linaonekana moto, kisha watu wanasonga mbele.

Nyuma yake mashini ikahamia katika hadizi za kutisha. Katika Alien ya 1979 na The Thing ya 1982, anayeunguzwa si mtu tena, ni mnyama wa kuzimu asiye wa dunia hii. Mtazamaji anafurahi bila aibu. Lakini jicho linazoea.

Katika Saving Private Ryan ya 1998 tunaona kijumba cha simenti pwani ya Ufaransa kikitupiwa moto, na Wajerumani wakianguka nje wakiwaka. Askari mmoja anawaambia wenzake wasiwapige risasi, wawaache waungue. Mtengenezaji hakutaka tupige makofi. Alitaka tuone vita vinamfanya mtu awe nani. Katika 2006 Clint Eastwood alifanya jambo ambalo ni wachache waliolijaribu. Yeye, Mmarekani, alitoa Letters from Iwo Jima, filme yenye kusemwa Kijapani, na kamera akaiweka ndani ya mapango. Hapo mtazamaji anakaa pamoja na wale wanaongoja moto. Sijasikia mtu aliyecheka mbele yake. Lakini katika 2019, Once Upon a Time in Hollywood ilirudisha kicheko: mchezaji wa sinema anaweka mashini ya moto nyumbani kama kumbukumbu ya filme yake, na siku moja anaitumia.

Hatimaye kuna michezo ya mashini za kompyuta. Katika Call of Duty: World at War, ya 2008, kijana anabeba mwenyewe M2 katika visiwa vya Pasifiki. Mashini ikipata joto anangoja kidogo, kisha anaendelea, kwani mafuta yake hayaishi.

Basi tuhesabu uongo wa sinema. Wa kwanza: risasi ikigusa mtungi, askari anapasuka kama bombe. Azoti haiwaki, na mafuta mazito hayapasuki kwa risasi ya kawaida. Hatari kubwa ya mbebaji ilikuwa risasi yenyewe. Wa pili: moto wa filme nyingi ni wa gazi, kusudi wachezaji wasiumie, kwa hiyo ni mfupi, mwepesi, na mzuri wa kutazama, wala si kamba nzito yenye kunata. Wa tatu: moto usioisha, fasi ya sekunde zisizofika kumi. Wa nne ndio mkubwa: filme inakwisha. Kwa Williams haikukwisha mpaka 1962, na pengine hata nyuma yake.

VII. Mashini iliyowekwa kando

Katika vita vya Vietnam watu wa Marekani waliona kwa mara ya kwanza, katika televisheni ya nyumbani mwao, askari wao wakichoma vijiji. Mwezi wa nane 1965 waliona nyumba za majani za Cam Ne zikiwashwa kwa viberiti vya sigara, na vikongwe wakilia. Hapo moto haukuwa tena wa filme. Katika 1978 jeshi la Marekani liliacha mashini za moto za kubebwa. Katika 1980, pale Geneva, mataifa yaliandika mapatano juu ya silaha za kuunguza, na mashini hii inatajwa humo kwa jina. Mapatano yale yanakataza kabisa kuelekeza moto juu ya raia. Hayakatazi kumwunguza askari. Ni hatua, lakini si mwisho wa njia.

Nilipomaliza kusoma, nilimwita katekista, nikamweleza yote: mzima-moto wa Leipzig, unga wa Harvard, kijana mfupi wa Quiet Dell. Alisikiliza kimya. Alisema atawasimulia vijana habari za Williams Jumapili ile ile, kwani vijana wanapenda hadizi za mashujaa, na huyu ni shujaa aliyelia. Kisha akauliza: «Na wale wa ndani ya kile kijumba, chini ya tundu la hewa, walikuwa wangapi?»

Nikamwambia kwamba Williams mwenyewe hakuwajua.

Basi, ndugu waseminari, kijana akija kwenu na kusema ameona filme nzuri ya moto, msimfukuze wala msimkemee kwanza. Mketishe. Mwulizeni kamera ilikuwa upande gani wa tundu. Halafu mwambieni avuke, akae upande wa pili kidogo, na aitazame filme ile tena.